Shika Bisibisi Kabla ya Vuli

Upepo wa Karatu haupigi hodi. Ukichachamaa mwezi Julai unaingia palipo na upenyo wa kidole, unamwaga vumbi jekundu hadi kwenye sahani ya chakula, na usiku wa manane unamkuta mtoto kitandani. Na sisi tumeujibu vipi? Tumeujibu kwa kiroba. Zunguka mitaa ya mji huu, panda Rhotia, teremka Endabash, utayaona mwenyewe: kiroba cha saruji kilichopigiliwa misumari mahali pa kioo, boksi la sabuni, kipande cha turubai, kanga iliyochakaa. "Ni ya muda tu," tunasema. Kiroba chenyewe kina mwaka wa tatu.

Basi muda umekwisha. Makala hii haikuandikwa kwa ajili ya mwenye mpango wa kujenga ghorofa mwakani. Imeandikwa kwa ajili yako wewe mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, madirisha matano, mawili hayafunguki, moja halifungi, na yote umeyazoea. Mazoea hayo ndiyo nataka tuyavunje. Dirisha bovu linatengenezeka, mara nyingi kwa vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja, na mtengenezaji anaweza kuwa wewe.

Kwanza tuseme la wakati. Agosti, Septemba na Oktoba ni miezi tuliyopewa bure. Mbao zimekauka, ukuta umekauka, rangi inashika, na wingu la mvua halionekani. Vuli ikifungua Novemba, mlango wa kazi hii unafungwa: mbao zinavimba, puti haishiki penye unyevu, na kila fundi mjini ana foleni ya watu waliokuwa wamelala. Anayekumbuka dirisha baada ya mvua ya kwanza hulipa mara mbili. Humlipa fundi, kisha hununua godoro.

Kuna jambo linanikera, nalo nitalisema. Vijana wa Karatu ndio wanaofuta vioo, kupaka rangi fremu na kubadilisha makomeo katika hoteli na kambi za wageni kuanzia hapa mjini hadi ukingoni mwa kreta. Mgeni aliyelala kule juu, kwenye mita zipatazo 2,300 kutoka usawa wa bahari, anavuta pazia asubuhi na kuitazama kreta ya Ngorongoro yenye upana wa kilomita 19 hivi kupitia kioo kisicho na doa. Kioo kile kimeng'arishwa na mkono wako. Jioni mkono huohuo unarudi nyumbani kusukuma kipande cha boksi. Usiniambie hujui kazi. Unaijua, unalipwa kwa kuifanya, ila nyumbani kwako hujajiajiri.

Wala usiniambie kazi hii ni ya wanaume. Huko Ngorongoro mama wa Kimaasai ndiye mjenzi wa nyumba yake: anasimamisha fito, anafuma, anakandika udongo na samadi, anaezeka. Mtu aliyesimamisha nyumba nzima kwa mikono yake ashindwe na bawaba mbili?

Sasa twende kwenye kazi, na kazi inaanza kwa macho, siyo kwa nyundo. Wengi wetu tunakosea hapo. Dirisha likigoma tunalipiga teke, likiendelea kugoma tunaita fundi, fundi akifika tunamwambia tayari cha kufanya: "Piga randa." Hatujauliza linagoma wapi, na kwa nini.

Nilikuwepo siku moja Bashay mama mmoja alipomwita fundi seremala nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili dirisha limekufa. Nipigie hesabu ya jipya, la alumini."

Fundi hakutoa futi. Alitoa chaki. Aliipaka ukingoni mwa dirisha pande zote, akalifunga kwa kulisukuma, akalifungua tena, kisha akamwita mama aje aone. Chaki ilikuwa nzima juu, nzima upande wa bawaba, nzima karibu kote. Ilikuwa imefutika mahali pamoja tu: kona ya chini, upande wa komeo.

"Mama, halijafa, wala halijavimba. Limeshuka. Bawaba ya juu imelegea, kwa hiyo dirisha limeinama mbele na linakwaruza chini. Ukilipiga randa leo litafunga, lakini kesho kutwa litashuka tena, na mwanya utakuwa umeutengeneza kwa pesa yako."

Alifungua skrubu za bawaba ya juu. Zilitoka kwa vidole, bila bisibisi, kwa sababu tundu zilikuwa zimeliwa. Alichukua njiti za kiberiti, akavunja vichwa vyake, akazichovya kwenye gundi ya mbao, akazishindilia ndani ya tundu mpaka zikajaa, akakata zilizozidi kwa kisu. Gundi iliposhika, akarudisha bawaba kwa skrubu ndefu kidogo kuliko zile za mwanzo. Dirisha likafunga kwa kidole kimoja. Mama alilifungua na kulifunga mara nyingi, kama asiyeamini. Hesabu ya alumini haikuulizwa tena.

Jifunze kipimo kile cha chaki. Ikifutika kona moja, tatizo ni bawaba. Ikifutika mstari mzima kuanzia juu hadi chini, hapo kweli mbao imevimba, na dawa yake ni tofauti. Ngoja kiangazi ikauke, piga randa kidogo pale tu inapogusa, kisha fanya jambo ambalo mafundi wetu wengi huliruka: paka rangi ukingo wa chini na ukingo wa juu wa dirisha, sehemu ambazo hakuna anayeziona. Maji huingia kwenye mbao kupitia miisho yake iliyokatwa kuliko kupitia ubavu wake. Dirisha lililopakwa rangi maridadi mbele na nyuma huku chini likiwa tupu litavimba kila masika, nawe utaendelea kumlaumu seremala.

Ingawa seremala naye ana lake. Mgrivelia umejaa mipakani mwa mashamba yetu, nayo ni neema, lakini mti ulioangushwa wiki iliyopita hauwi dirisha wiki hii. Mbao mbichi hukaukia ukutani kwako, na ikikauka hupinda. Ukiagiza dirisha, uliza mbao imekaa muda gani kivulini. Iinue mkononi, nzito kupita kawaida bado ina maji. Fundi akikasirishwa na swali hilo, tafuta mwingine.

Mchwa wana kipimo chao. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hulia kavu. Iliyoliwa hutoa sauti ya utupu. Tazama pia ukutani chini ya dirisha kama kuna mfereji mwembamba wa udongo unaopanda, maana hiyo ndiyo barabara yao. Ukiwahi, unakata kipande kilichoharibika, unaunga kipya, unapiga dawa ya mchwa palipobaki. Na tafadhali, oili chafu ya gari ibaki kwenye nguzo za uzio. Najua mzee wako aliitumia. Rangi haishiki juu yake, harufu haitoki, na si kitu cha kulala nacho chumba kimoja.

Kioo kinachopiga kelele upepo ukivuma kinakuambia puti imekufa. Puti ikizeeka hukauka, hupasuka, na huanguka vipande vipande kama ganda la muwa. Wengi huongeza mpya juu ya ile mbovu, halafu hushangaa zinapoanguka pamoja. Ondoa ya zamani yote kwa tindo, taratibu, ukianzia ilipolegea. Safisha vumbi. Paka rangi ya msingi au mafuta ya kitani kwenye mbao iliyobaki uchi, kwa sababu mbao kavu itafyonza mafuta yote ya puti nayo itapasuka kabla ya mwaka. Weka utando mwembamba wa puti kwanza, kalisha kioo juu yake, kishike kwa vimisumari vidogo kila baada ya sentimita 20 hivi, ndipo umalizie puti ya juu kwa kisu kilicholowa, ukiielekeza nje ili maji yateleze. Kisha iache. Subiri wiki moja au mbili ndipo upake rangi. Hapa ndipo haraka inapotuangusha Watanzania wengi, mimi sijitoi.

Ukienda kununua kioo, pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, maana fremu zetu si pembe mraba hata mafundi waape. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, punguza milimita 3, fanya vivyo hivyo kwa urefu. Kioo kilichobanwa kitapasuka chenyewe jua likiwaka. Na ukishakatiwa, usikibebe kwenye bodaboda. Bei ya bajaji ni ndogo kuliko ya kioo cha pili, sembuse ya kushona mkono.

Alumini nayo? Kila nyumba mpya ya Karatu siku hizi inataka madirisha ya alumini ya kusukuma, na sina ugomvi nayo: haioti kutu nyekundu, mchwa hawaili, haivimbi. Lakini haikuja na msamaha wa kutotunzwa. Malalamiko yake makubwa ni mawili, kwamba dirisha ni gumu kusukuma na kwamba linaingiza maji, na yote mawili chanzo chake ni vumbi letu. Chini, kwenye reli, upande wa nje, kuna vitundu vidogo viwili au vitatu. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua yaliyojaa relini. Katika nyumba nyingi vitundu hivyo vimezibwa na vumbi, au vilizibwa na fundi wa plasta siku ileile nyumba ilipokamilika. Mvua ikinyesha, reli inajaa, maji hayana pa kwenda, yanamwagika ndani, na mwenye nyumba anapaka silikoni kila mahali isipokuwa penye tatizo. Chukua waya mwembamba, zibua. Sugua reli kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Usipake grisi, maana grisi na vumbi vikikutana havisogei tena. Paka nta ya mshumaa. Likibaki zito, tazama magurudumu madogo ya chini, yale mafundi wanayoyaita rola. Madirisha mengi yana skrubu pembeni ya kuyainua, na yakiwa yamekwisha hubadilishwa yenyewe bila kugusa fremu.

Maji yakiingia usijue yanapitia wapi, usikisie. Chukua jagi la maji na msaidizi. Yeye akae ndani akitazama, wewe umwage nje kuanzia chini: kwanza kwenye kizingiti, subiri, kisha ubavuni, subiri, mwisho juu. Akipiga kelele umepata mwizi. Mara nyingi ni kizingiti chenyewe, kilichojengwa bapa au kimeinamia ndani. Kinatakiwa kiinamie nje, na chini ya ukingo wake kuwe na mfereji mwembamba ili tone lidondoke chini badala ya kutambaa kurudi ukutani. Ni kazi ya ndoo moja ya mota na mwiko.

Ila ukiona ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda au kushuka ukutani, hapo simama. Methali ya ufa na ukuta tunaijua tangu darasa la pili. Iliyobaki ni kuchukua penseli. Weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe pembeni, rudi baada ya mwezi, na tena baada ya mvua. Ufa uliotulia unazibwa. Ufa unaotembea unakuambia lenta juu ya dirisha ni fupi au haipo, au msingi unazama kwa sababu maji ya paa yanamwagika kando ya nyumba. Hapo mwite fundi mwashi anayejua kazi, na usikubali akufunike macho kwa plasta.

Mpaka hapa nimezungumzia kufunga. Lakini dirisha lina kazi mbili, na ile ya pili tunaisahau zaidi wakati wa baridi: kufunguka. Nainokanoka na Misigiyo, na vijiji vingine vya nyanda za juu, usiku wa Juni ni baridi ya kukata mifupa. Wazee wa Kiiraqw waliwahi kuwa na nyumba zilizochimbwa kwenye miteremko, zisizo na dirisha hata moja, ili kuwakwepa maadui. Walikuwa na sababu yao. Sisi leo tunaziba kila upenyo kwa matambara, halafu tunaingiza jiko la mkaa ndani tulale nalo. Tafadhali nisikilize hapa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haimkohozi mtu, haimwamshi mtu. Familia inalala na haiamki. Hakuna ukarabati wa dirisha utakaokuokoa kama jiko la mkaa liko chumbani, kwa hiyo litoe nje kabla ya kulala, kila siku, bila kujadiliana na baridi. Joto tutalitafuta kwa kuziba mianya mibovu na kwa blanketi.

Jikoni nako hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya kupikia majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini wewe unapika leo jioni, na kuni ziko pale. Dirisha la jiko lililokwama fungua leo. Kama lipo moja tu, toboa tundu la hewa juu, ukuta wa pili, ili upepo uwe na pa kuingilia na moshi uwe na pa kutokea. Kwa nyumba ya udongo, tundu mbili zinazotazamana, moja chini kidogo na nyingine karibu na paa, zinafanya kazi ambayo tundu moja haiwezi.

Ukiona asubuhi vioo vimelowa kwa ndani na ukuta una kuvu nyeusi chini ya dirisha, usikimbilie kudhani paa linavuja. Ni pumzi zenu za usiku na mvuke wa chungu, vimekutana na kioo cha baridi vikageuka maji. Fungua madirisha mawili yanayotazamana jua likishapanda, nusu saa, kila siku, halafu futa kuvu kwa maji yenye jiki. Kukiwa na jua la Karatu nje na chumba kimefungwa kutwa, huo ni uvivu tu.

Teremka sasa Mang'ola, kwenye vitunguu na joto la bonde la Eyasi. Huko dirisha halilii baridi, linalia mbu. Mifereji ya umwagiliaji inaleta pesa, na maji yaliyotuama yanaleta mbu. Kwa nyumba za huko mimi ningechagua dirisha la bawaba badala ya lile la kusukuma, kwa hesabu rahisi tu: la kusukuma hufunguka nusu, la bawaba hufunguka lote, na usiku wa Mang'ola unahitaji lote. Lakini lifunguke nyuma ya wavu ulio mzima. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Gambia: nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya paa ziliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 59, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12, wakati katika nyumba zisizowekewa walikuwa asilimia 19. Kuziba mianya na wavu tu. Uleule unaouzwa kwa mita dukani.

Sasa kagua wa kwako. Simama ndani mchana, zima taa, funga pazia la mlango, utazame wavu ukiwa na mwanga nyuma yake. Kila nyota ya mwanga kubwa kuliko wenzake ni tundu. Tundu dogo shona kwa uzi wa nailoni au bandika kiraka cha wavu kwa gundi. Ukiwa umechanika zaidi ya kiganja, badilisha wote. Unaponunua, tundu zake zisizidi milimita moja na nusu. Uukandamize kwa fito nyembamba za mbao pande zote nne, maana wavu ulioshikwa kwa misumari mitupu hujikunja katikati ya msumari na msumari, na mbu hawahitaji mlango mkubwa. Ukimaliza madirisha, inua macho pale paa linapokutana na ukuta. Wavu mpya chini na mwanya wa mkono mzima juu ni kujidanganya. Na wavu wa kitandani usiutoe. Hivi viwili vinafanya kazi pamoja.

Nimeacha nondo mwisho kwa makusudi. Kila mtu anaogopa wezi, nami siwatetei. Lakini dirisha lenye nondo zilizojengewa ukutani pande zote ni dirisha lisilo na njia. Machi 1998, kule Bombolulu karibu na Mombasa, wasichana 26 walikufa bwenini kwa moto; madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa umefungwa. Machi 2001, shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa katika hali isiyo mbali na hiyo. Hao walikuwa wanafunzi, lakini moto hauchagui bweni na nyumba ya mtu. Katika kila chumba cha kulala, au angalau kimoja ambacho wote wanakifikia, grili moja iwe na bawaba na kufuli la ndani. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kwa siku moja. Ufunguo utundikwe karibu na dirisha, mahali mtoto anapafikia na mkono wa mwizi haupafikii kutoka nje, na familia yote iujue gizani. Wakati fundi yupo, mwambie akwangue kutu ya grili zote mpaka chuma king'ae na apake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla umande wa usiku haujairudisha.

Tulishafanya makubwa kuliko haya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, nchi nzima, kwa wiki kumi na mbili. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Redio zilikuwa chache, vifaa vilikuwa jembe na panga, na hakuna aliyengoja nyumba mpya ndipo aanze. Mabibi na mababu zetu walifanya hivyo kwa maneno ya redio. Sisi tuna simu mkononi, tuna maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia stendi hadi njia ya kwenda lango la hifadhi, tuna vijana waliopita VETA wanaokaa vijiweni wakingoja kazi.

Vijana hao nao nawaita kwa jina la kazi yao. Kazi zikipungua, mifuko yenu ya zana haipungui. Wanne mkiungana, mmoja wa mbao, mmoja wa vioo, mmoja wa kuchomelea, mmoja wa rangi, mtazunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba kabla ya Novemba. Mtu ambaye hawezi kulipa madirisha matano kwa mkupuo anaweza kulipa moja kila mwezi. Tozeni bei ya haki, fanyeni kazi isiyorudiwa, na msiuze dirisha jipya palipohitajika njiti za kiberiti.

Na wewe msomaji, usinijibu kwamba umeelewa. Jumamosi hii chukua chaki, penseli na bisibisi, uingie chumba wanacholala watoto. Kagua dirisha hilo moja: linafunga, linafunguka, wavu wake ni mzima, nondo zake zina njia. Andika kinachohitajika, kanunue, ulitengeneze hilo kwanza kabla hujagusa jingine. Kiroba king'oe wewe mwenyewe, na ukichome watoto wakiwa mbali na moshi wake, au bora zaidi kipeleke kwenye takataka. Likiisha hilo, mwite jirani aje alifungue na kulifunga, umwazime chaki.